Dramu ya Baba Haifunguliwi

Baba yangu alikataa kuuza dramu zake kwa sababu nyingi, na kila sababu ilikuwa ya kijinga kuliko iliyotangulia. Kwanza alisema ni majira ya baridi, mbao zimesinyaa, mnunuzi ataona nyufa ambazo hazipo. Joto lilipoanza akasema mbao zimevimba. Siku nyingine alisema mtu mwenye akili hauzi dramu kabla ya uchaguzi. Mimi hasira zangu hazikai mbali. Nilimuuliza dramu zimeanza kupiga kura lini, akaniambia nimwache ale.

Haja ya kuziuza ilikuwapo, tena kubwa. Nyumba yetu ya Kusini mwa Chicago ni ngazi tupu: ngazi za barazani, ngazi za vyumbani, ngazi za kushukia chumba cha chini, na goti la Mama lilikuwa limeshakataa zote. Wazee wangu walipata nyumba ndogo kwenye jengo la wastaafu, vyumba viwili, kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Dramu zingekaa wapi? Mama aliuliza swali hilo kila jioni, bila kupandisha sauti, maana Mama ni mhudumu wa mlangoni kanisani na amezoea kuwanyamazisha watu kwa mkono wenye glavu nyeupe.

Na wala hazikuwa dramu za kutupwa. Zilitengenezwa kwenye kiwanda cha mji huu huu, wakati bendi za dunia nzima zilikuwa zikiagiza kutoka kwetu. Rangi yake ni ya dhahabu iliyopauka, yenye kumetameta. Baba alizinunua akiwa kijana, dereva mpya wa basi, akawa anazipiga kwenye vilabu Ijumaa na Jumamosi, na Mama akimsaidia kuzibeba. Kisha, nikiwa msichana mkubwa, aliacha. Hakutangaza. Aliacha tu kukubali kazi, moja baada ya nyingine, akazifunika kwa mashuka kule chini.

Lakini kila Jumamosi alishuka kuzifuta vumbi. Na mara moja kwa mwaka, mwezi wa Agosti, siku ambayo mtaa wetu hufungwa magari yasipite na majirani wakachoma mbavu barabarani, wanaume walizipandisha juu na Baba akapiga. Mikono yake ilikuwa bado ina moto. Matoazi yaliongea. Mguu ndio uliokuwa na kasoro. Ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu aliigusa polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Cleophus," mzee Thaddeus wa ng'ambo ya barabara alimwuliza kila mwaka, "hiyo kubwa umeazima? Mbona unaipiga kwa adabu hivyo?"

"Mguu niliumalizia kwenye breki za basi," Baba alijibu.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikala mbavu.

Sasa, kuna jina moja ambalo nyumbani kwetu lilikuwa halitajwi, nalo ni Odessa. Odessa ni dada mkubwa wa Mama, yaani mama yangu mkubwa. Waliacha kusemeshana kwa ajili ya blanketi.

Nikisema hivyo watu hucheka, kwa hiyo nieleze ni blanketi gani. Babu alipofariki, Bibi Luvenia hakutupa nguo zake za kazi. Huko Mississippi walikotoka wanawake hawatupi. Alizikata viraka, ovaroli za kiwandani, mashati ya mistari, suruali zilizopauka magotini, akazishona blanketi zito, na familia ikawa inalala chini ya Babu, kama alivyopenda kusema. Mfuko mmoja wa ovaroli aliuacha wazi makusudi. Humo alikuwa akinifichia peremende.

Bibi naye akafa. Wiki ya mazishi, nyumba yake imejaa watu wa kutoka kila upande, blanketi likapotea. Odessa ndiye aliyetoka mwisho na kufunga mlango. Mama hakuhitaji ushahidi mwingine. Alikwenda Gary, mji wa jirani anakoishi dada yake, akaandamana na wanawake wawili wa kanisani wawe mashahidi, akafungua makabati ya dada yake moja moja, na sanduku la nguo za ndani, na chini ya kitanda. Hakulikuta. Akahitimisha kwamba Odessa ni mwizi anayejua kuficha.

Zaidi ya miaka ishirini ikapita hivyo. Odessa hakuja kwenye harusi yangu. Wala hakuja kunicheka ndoa ilipovunjika, jambo ambalo Odessa niliyemfahamu asingelikosa kwa lolote. Nilimkumbuka sana, lakini mbele ya Mama sikuthubutu kulisema.

Basi nikachoshwa na mbao zilizovimba. Nilimtafuta mnunuzi mwenyewe, mtu wa Milwaukee aitwaye Lindqvist anayekusanya dramu za zamani, nikamwambia aje Jumamosi asubuhi. Mama alikubali. Baba tulimwambia siku hiyo hiyo, akiwa anakula samaki wa kukaanga na uji mzito wa mahindi. Aliweka uma chini. Akapanda chumbani, akavaa koti lake la kanisani, akashuka moja kwa moja mpaka chumba cha chini, akaketi kwenye kigoda cha dramu. Lindqvist alipofika alimkuta hapo, wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Lindqvist alikuwa mnene, mpole, mwenye tochi shingoni. Aliomba ruhusa kwa kila alichogusa. Alifungua dramu ndogo moja baada ya nyingine, akatoa ngozi, akamulika ndani, akasoma muhuri wa tarehe uliopigwa kwenye mbao na kushusha pumzi kwa raha.

"Nje mtu yeyote anaweza kung'arisha," alituambia. "Ukweli wa dramu uko tumboni. Ndiyo maana sisi hatununui kabla ya kutazama ndani."

Akapiga magoti mbele ya ile kubwa. Baba akaweka mguu juu yake.

"Hiyo haifunguliwi."

"Nitafungua taratibu, mzee. Nataka tu kuona kama haijatobolewa."

"Haijatobolewa."

"Basi nitaona hivyo hivyo."

"Nimekwambia haifunguliwi. Kama huniamini, Milwaukee haijahama."

"Baba," nikasema, "huyu ametoka mbali. Usitutie aibu."

Baba alianza kutoka jasho. Chumba cha chini kwetu ni baridi hata Julai. Alimtazama Lindqvist, akanitazama mimi, akatazama ngazi, halafu akasema jambo lililonifanya nishike ukuta.

"Zichukue. Zote. Bure. Ila zipakie kwenye gari sasa hivi, hiyo kubwa ukaifungulie kwako."

Nilidhani amepatwa na kiharusi. Sitanii. Nilimwinamia nikamwambia atabasamu nione kama mdomo umekwenda upande. Miezi yote ile ameng'ang'ania dramu kama mtoto wa mwisho, sasa anazigawa kwa mtu ambaye hata jina lake hajalishika. Lindqvist mwenyewe alishtuka mpaka akazima tochi.

"Sichukui kitu cha mtu bure, mzee," alisema. "Kuna tatizo?"

"Kuna tatizo, Cleophus?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Mama, juu ya ngazi. Akaanza kushuka, mkono kwenye reli, goti likilia kila ngazi. Hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyethubutu kusogea. Alipofika chini akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo."

"Earlene."

"Nipe."

Baba akatoa mfukoni ule ufunguo mdogo wa kulegezea skrubu. Wakati wa vilabu ni Mama aliyekuwa akimfungia dramu huku yeye akinywa, kwa hiyo alijua kazi. Alilegeza skrubu hii, kisha ya upande wa pili, kisha hii, kama alivyofundishwa, bila haraka. Baba alifumba macho.

Ngozi ya mbele ikatoka. Ndani kulikuwa na kitambaa, na hilo peke yake halikumshangaza mtu. Wapiga dramu wote hujaza kitu humo, taulo, mto, koti kuukuu, ili isivume kama lango la chuma.

"Ah, kablanketi ka kuzuia mvumo," Lindqvist akasema kwa furaha ya mtu anayedhani mambo yametengenea. "Tena ka zamani."

Mama alishika pembe, akavuta. Likatoka polepole, maana lilikuwa zito na lilikuwa limekaa humo mpaka likashika umbo la mduara. Bluu ya ovaroli. Mistari ya mashati. Goti lililopauka. Kisha mfuko. Mama aliingiza vidole kwenye ule mfuko, akatoa karatasi ya peremende, imekauka imekuwa njano.

Nilitoa neno ambalo sijawahi kulitoa mbele ya Mama, na Mama hakulisikia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa nguoni mwa Babu, chini ya sakafu tuliyokuwa tukilia na kumlaani Odessa juu yake.

Mama aliketi kwenye ngazi ya mwisho, blanketi mapajani.

"Ulijua?" akauliza.

Niliomba Mungu Baba aseme hapana. Mtu anaweza kubeba blanketi gizani bila kujua ni lipi. Angeweza kusema hapana, na mimi ningemwamini.

"Sikujua nilipolichukua," Baba alisema. "Ile wiki ya mazishi nilikuwa na kazi klabuni, dramu inavuma vibaya. Kitandani kwa mama yako kulikuwa na rundo la makoti na mablanketi ya wageni. Taa imezimwa, watoto wamelala. Nilivuta la chini kabisa, nikalisokomeza, nikaenda."

"Sikuuliza ulilichukuaje. Nimeuliza kama ulijua."

"Nilijua nilipobadilisha ngozi. Miezi baadaye. Ulikuwa umeshakwenda Gary. Umeshafungua makabati."

"Na hukusema."

"Nilisema nitasema kesho."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba ilikuwa imepita mazishi, harusi, talaka, na kustaafu kwa watu wawili. Nilimrukia kwa maneno. Nilimuuliza kwa nini basi hakulitupa, au hakulitia kwenye sanduku la darini akajifanya amelikuta.

"Kulitupa?" Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwovu. "Nguo za babu yako? Na kama lingeonekana popote katika nyumba hii, mama yako angejua aliyelichukua ni wa humu humu. Ingenibidi niseme hata hivyo. Nikaona bora libaki nilipoliweka. Nilijaribu kupiga, Renita. Nikikanyaga, naona nampiga baba mkwe teke la mgongo. Mguu ukakataa. Nikaacha kazi."

Kwa hiyo ule ndio mguu wa adabu tuliokuwa tukiucheka kila Agosti. Na ile Jumamosi kwa Jumamosi ya kufuta vumbi haikuwa mapenzi, au haikuwa mapenzi tu. Alikuwa akikagua kama skrubu zimekaza.

"Nilikuwa nalinda ndoa yetu, Earlene."

"Uliilinda," Mama alisema, "kwa gharama ya dada yangu."

Hakupandisha sauti hata hapo. Lindqvist alikuwa ameshapanda juu kwa vidole vya miguu. Nilimkuta barazani ameshika kofia, akaniambia atapiga simu wakati mwingine, halafu akaniomba radhi, ingawa katika nyumba nzima ni yeye peke yake asiyekuwa na kosa.

Niliporudi, Mama alikuwa amesimama na mkoba begani.

"Washa gari. Tunakwenda Gary."

"Mama, tupige simu kwanza."

"Nikipiga simu atakata. Cleophus, beba hiyo dramu kubwa na pedali yake."

"Dramu ya nini tena?" Baba akauliza.

"Inakuja. Nilikwenda kwake na mashahidi, nitarudi na shahidi."

Njiani Mama alikaa mbele na blanketi, Baba nyuma amekumbatia dramu iliyofunguliwa uso. Kwenye kioo niliona kichwa chake tu juu ya ule mduara, na nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kulia.

Mama Mkubwa Odessa alifungua mlango akiwa na aproni, mwiko mkononi, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilishtuka. Kichwani mwangu alikuwa amebaki vile vile, na nywele nyeusi. Nyuma yake kulikuwa na harufu ya mboga za majani zikichemka na mguu wa nguruwe. Aliona Mama. Kisha akaona blanketi. Mwiko ukashuka polepole mpaka ukagusa aproni.

"Dada," Mama akasema. Sauti yake, ile ya kunyamazisha kanisa, ilikuwa haipo. "Nilikusingizia."

"Najua," Odessa alijibu. "Niliyesingiziwa ni mimi."

"Lilikuwa kwangu. Ndani ya dramu."

"Nani alilitia?"

Baba alitokeza nyuma ya mduara wake. "Mimi, shemeji."

Odessa akatusogezea njia tupite, si kwa ukarimu, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kutazama. Ndani Baba alisimulia yote akiwa amesimama katikati ya zulia, hajakaribishwa kiti. Hakuficha ile sehemu ya miezi, wala ile ya kesho. Nilimtazama Odessa usoni nikitafuta hasira ili niungane naye. Hakuonyesha kitu. Alipomaliza akaketi.

"Earlene, unakumbuka ulitupa nguo zangu za ndani sakafuni mbele ya Dada Hattie wa kanisani?"

"Nakumbuka."

"Nilihama kanisa kwa sababu hiyo. Watu walikuwa wakinyanyua pochi zao nikipita." Akamgeukia Baba. "Ipige."

"Shemeji?"

"Hiyo dramu. Nataka kusikia kitu kilichonigharimu mdogo wangu."

Baba alipiga magoti, akafunga pedali. Akavuta kiti cha mezani. Ngozi ya mbele haipo, blanketi halipo, kwa hiyo alipokanyaga, iliguruma tupu na kavu, mpaka vikombe vikalia kabatini na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Alipiga tena. Safari hii hakuigusa kwa adabu. Alipiga kama mtu anayevunja mlango, na machozi yanamtoka, hadi Odessa alipoinua mwiko.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, shemeji."

"Nilidhani ni nzuri zaidi."

Mama akaanza kulia hapo. Alilia vibaya, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Mama hajali nani anamsikia. Odessa hakumkumbatia. Ila alisogea kidogo kwenye kochi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana, na Mama akaketi.

"Tulikuwa tunaiuza," Mama alisema alipopata pumzi. "Iondoke. Sitaki kuiona tena. Mnunuzi yupo, tumkabidhi hata leo."

"Hapana," Odessa akasema.

Baba akainua kichwa. Nilimwona ana matumaini, maskini, kwamba huenda amesamehewa.

"Usiiuze, Cleophus. Ukiiuza, utapumzika."

Alisema hivyo bila chuki, kama anayemwambia mtu asisahau koti. Kisha akachukua blanketi kutoka kwenye mapaja ya Mama, akalikunja, goti juu ya goti, mfuko ndani. Mama akanyoosha mkono.

"Dada, angalau tuligawane. Mwezi kwako, mwezi kwangu."

"Ulisema ninalo," Odessa alimjibu, akaliweka nyuma ya mgongo wake. "Basi ninalo."

Kisha akainuka kutazama mboga zake, na baada ya muda alituletea sahani, sote, hata Baba. Baba alikula akiwa amesimama.

Wamehamia kwenye vile vyumba viwili. Meza ya kulia chakula haikuingia, kwa sababu dramu ziko pale, dhahabu iliyopauka, zote, na ile kubwa imetazama kochi bila ngozi ya mbele. Tunakula tukiwa tumeshika sahani. Odessa huja baadhi ya Jumapili. Yeye na Mama bado wanaongea kwa uangalifu, kuhusu dawa za presha na bei ya mayai. Lindqvist hakukata tamaa, hupiga simu mara kwa mara kuuliza kama mzee ameamua. Siku hizi Baba hupokea mwenyewe, wala hazungumzii tena baridi wala uchaguzi. Humwambia si zake kuuza, amuulize shemeji yake, na humpa namba ya Gary.